Moyo Kusimama Si Sababu ya Kifo

Cheti kinachosema marehemu alikufa kwa kuwa moyo wake ulisimama hakijasema lolote. Kila afaye moyo wake husimama. Aliyechomwa kisu, aliyezidiwa na malaria, aliyezama Likoni, bibi mkongwe aliyelala asiamke: wote mioyo yao ilisimama na pumzi zao zilikatika. Nami niliyeshika kazi ya kuchunguza maiti kwa ajili ya sheria hapa Pwani ya Kenya, hayo ndiyo maneno ninayoyakuta mara nyingi kwenye karatasi zinazoshuka na maiti kutoka wodini. Huandikwa na daktari kijana, usiku wa manane, na nyuma yake kuna wagonjwa walio hai wanaomwita. Namwelewa. Lakini karatasi ile ndiyo kauli ya mwisho ya utabibu juu ya mtu yule, na ikishasajiliwa itasomwa na watu ambao hawakumjua: hakimu, kampuni ya bima, warithi, na mtu wa takwimu aliyeko Nairobi anayetaka kujua Wakenya wanakufa kwa nini.

Fomu tunayojaza inafuata mfano wa Shirika la Afya Duniani na ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni mistari iliyopangwa kutoka juu kwenda chini. Mstari wa juu ni ugonjwa au jeraha lililomuua mtu moja kwa moja. Unaofuata unauliza: hilo nalo lilitokana na nini? Wa tatu unauliza vivyo hivyo, na wa nne, mpaka ufike pale mambo yalipoanzia. Sehemu ya pili ni ya maradhi yaliyochangia bila kuwa ndani ya mfululizo huo, kama kisukari cha miaka mingi. Pembeni mwa kila mstari kuna nafasi ya kuandika muda: dakika, siku, miaka. Ule mstari wa chini kabisa ndio unaobebwa kwenye takwimu za taifa na za dunia. Huo ndio unaoitwa sababu ya msingi, na huo ndio wengi wanauacha mtupu.

Nieleze kwa mfano wa aina inayonifikia kila mara. Kijana wa miaka thelathini na kitu anagongwa na pikipiki akivuka barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Paja linavunjika. Analazwa, mguu unafungwa uzito wa kuuvuta, wiki zinapita. Jamaa wanamletea uji, anataniana na wauguzi, kila mtu anasubiri siku ya kuruhusiwa. Asubuhi moja anajaribu kukaa kitandani, anashika kifua, anasema hawezi kupumua, na kabla daktari hajafika amekata roho. Karatasi inaandikwa: moyo kusimama. Wodini watu wanaanza kunong'onezana kuhusu sindano aliyodungwa jana yake. Ninapomfungua kifua nakuta, ndani ya mshipa mkuu unaopeleka damu mapafuni, donge refu lililojikunja, na unene wake ni ule wa mshipa wa mguu. Nalifuata hadi lilikotoka. Mabaki yake bado yamo kwenye mishipa ya ndani ya mguu ule ule uliovunjika.

Sasa fomu ina la kusema. Mstari wa kwanza: donge la damu kuziba mshipa wa mapafu, dakika. Wa pili: damu kuganda katika mishipa ya ndani ya mguu, siku kadhaa. Wa tatu: kuvunjika paja, wiki tano. Wa nne: mtembea kwa miguu kugongwa na pikipiki, wiki tano.

Muuguzi aliyedunga sindano anapumua. Jalada la polisi lililokuwa la majeruhi linakuwa la ajali iliyoua. Mjane ana karatasi ya kupeleka kwa wakili. Na kaunti inayopanga bajeti ya taa na vivuko vya barabarani inamhesabu kijana yule mahali pake, badala ya kumtupa kwenye kapu la maradhi ya moyo, ambako angeweza hata kumdanganya waziri kwamba vijana wa Pwani wanahitaji vidonge vya presha.

Urefu wa muda kati ya jeraha na kifo haunitishi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 215, imeweka ukomo: mtu hahesabiwi kuwa ameua iwapo aliyejeruhiwa alikufa baada ya mwaka mmoja na siku moja kupita. Utabibu hauna ukomo huo. Akiletwa kwangu mtu aliyepooza kwa risasi ya uti wa mgongo miaka minane iliyopita, akafa kwa vidonda vya mgongoni vilivyooza hadi maambukizi yakaingia kwenye damu, mstari wa chini ni risasi. Nitauandika. Mahakama itafanya nao itakavyoona.

Watu hudhani kazi hii huanza kwa kisu. Huanza kwa maelezo. Sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai, kuanzia kifungu cha 385 hadi 388, inamtaka mkuu wa kituo cha polisi achunguze kifo cha aliyejiua, aliyeuawa na mtu mwingine, aliyekufa kwa ajali, au ambaye mazingira ya kifo chake yanaleta shaka, kisha hakimu ndiye afanye uchunguzi wake. Basi maiti wa aina hiyo huletwa na polisi, pamoja na fomu na hadithi fupi ya yaliyotokea. Jamaa wawili wanamtambua mbele yangu. Naisikiliza ile hadithi vizuri, naiandika, kisha naiweka kando.

Nguo hazikatwi ovyo, kwa sababu tundu la shati lazima lilingane na tundu la ngozi. Kila alama hupigwa picha ikiwa na rula pembeni. Natazama ndani ya kope, kwani vidoadoa vidogo vya damu huonekana hapo mtu anapokabwa. Natazama nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole vya miguu, chini ya kucha. Kwa mtoto mchanga nafunua midomo: mto uliobanwa usoni unaweza kuacha mchubuko upande wa ndani wa mdomo hata kama nje pasafi. Nikimaliza nje, mara nyingi nusu ya swali imeshajibiwa. Daktari anayekimbilia tumbo huyapita yale aliyowekewa wazi juu ya meza.

Ndani, kila kiungo hupimwa kwa mizani na kukatwa vipande. Moyo wa mtu mzima una uzito wa gramu 300 hivi. Nikikuta wa gramu 550 wenye kuta nene, najua kwamba huenda presha ilikaa humo miaka mingi, hata kama nyumbani wanasema hakuwahi kuugua.

Shingo naiacha mwisho, na ina maana yake. Ukiipasua mapema, mishipa ikiwa bado imejaa, damu humwagika katikati ya misuli na kufanana kabisa na damu ya mtu aliyekabwa. Kwa hiyo ubongo hutolewa kwanza, kisha viungo vya kifua, damu yote ichuruzike, ndipo shingo ifunguliwe tabaka kwa tabaka, msuli mmoja mmoja, hadi kwenye koromeo na kile kifupa chembamba kilicho chini ya ulimi. Damu nitakayoiona hapo haikumwagwa na kisu changu. Alama ya kamba nayo ina lugha yake. Ya aliyejinyonga kwa kawaida hupanda kuelekea fundo na kukatika mahali; ya aliyekabwa na mwingine kwa kamba huelekea kuzunguka shingo ikiwa imelala, na mara nyingi iko chini zaidi.

Juni 2025 nchi nzima iliona jinsi mambo haya yanavyokuwa na uzito. Albert Ojwang, mwalimu, alikamatwa kwao Homa Bay, akapelekwa Nairobi na kufa akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema alijigonga kichwa kwenye ukuta wa seli. Wanapatholojia walimchunguza kwa pamoja, na Dkt. Bernard Midia akayasema matokeo mbele ya waandishi wa habari: majeraha ya kichwa, dalili za kukandamizwa shingo, na majeraha ya nyama yaliyotawanyika mwilini. Mtu anayejigonga ukutani huumia pale anapojigongea, na aghalabu ni mbele. Huyu damu iliyovuja chini ya ngozi ya kichwa ilikuwa mbele, ubavuni na nyuma. Na ukuta haukabi shingo.

Ripoti ile haikumtaja aliyefanya, na haingeweza. Mwili hauna jina la mtu mwingine ndani yake, isipokuwa labda chembe za ngozi chini ya kucha. Ilichofanya ni kupima hadithi iliyoletwa dhidi ya mwili ulioletwa, na kusema kwamba viwili hivyo havikubaliani. Hiyo ni kazi kubwa. Naipenda kazi yangu zaidi inapofanyika hivyo, meza ikiwa na macho mengi. Familia ina haki ya kuleta daktari wake asimame nasi, na mimi nikiona daktari wa familia anaingia na kijitabu chake moyo wangu hutulia, kwa kuwa nitakachokiona atakiona. Lisilonituliza ni kwamba hata pale polisi wanapotuhumiwa, wao ndio wanaomleta maiti, wao ndio wenye hadithi, na wao ndio wanaobeba sampuli. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya kuchunguza vifo, inayosimama peke yake. Miaka ikapita bila huduma hiyo kuanza kazi. Sisi tunaofanya kazi hii tumelisema jambo hili katika kila mkutano tulioitwa, na tutaendelea kulisema.

Swali ambalo wapelelezi hupenda kuniuliza ni la saa. Alikufa saa ngapi? Majedwali ya kupima jinsi maiti anavyopoa yalitungwa Ulaya, penye vyumba baridi. Mombasa mwezi wa Machi, ndani ya chumba cha mabati, hewa inakaribia joto la mwili wenyewe, na maiti hapoi kwa kiasi cha kukuambia kitu. Kukakamaa huanza kuonekana kwenye taya baada ya saa chache, hushuka mwilini, kisha huachia. Joto letu huharakisha yote mawili. Damu hutuama upande aliolalia, na baada ya saa nane au zaidi haihami tena ukimgeuza, jambo linaloniambia kama maiti alihamishwa. Nzi nao hutaga mapema, na umri wa funza unaweza kuhesabiwa. Ukiyaweka yote pamoja unapata kipindi: kati ya jana magharibi na leo alfajiri, labda. Anayekupa saa na dakika kwa kumtazama maiti anakubahatishia.

Rangi ya damu iliyotuama hufundishwa vyuoni kwa picha za ngozi nyeupe. Aliyekufa kwa hewa ya sumu ya makaa, vitabu vinasema, huwa na wekundu wa kung'aa. Kwenye ngozi yetu wekundu huo hujificha, na daktari anayeusubiri juu ya ngozi hataupata. Uko chini ya kucha, ndani ya midomo, kwenye viganja, na ukifungua, kwenye misuli na viungo vyote. Nilipokuwa nikisomea kazi hii Nairobi, waliletwa watu wa nyumba moja kutoka upande wa baridi, wamelala na jiko la makaa ndani, dirisha limezibwa. Mtaani maneno yalikuwa ya kulishwa sumu na ya uchawi, na jirani mmoja alikuwa ameshatishiwa kuchomewa nyumba. Gesi ile, kaboni monoksidi, huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Kipimo cha damu kilipotoka, jirani yule alirudi kulala kwake.

Sasa niseme jambo linaloniuma kuliko yote, kwa kuwa linazuilika. Mtu anafariki, familia inampeleka mochari ya karibu, na kwa kuwa atasafirishwa bara au mazishi yatachelewa, wanaambiwa atiwe dawa. Dawa hiyo ni fomalini, inasukumwa kwenye mishipa mwili mzima. Siku nne baadaye mtu anakumbuka kwamba marehemu alikunywa kitu kwa fulani, shaka inaingia, na maiti analetwa kwangu. Nitafanya nini? Fomalini ya kuhifadhia maiti huwa imechanganywa na methanoli. Na methanoli ndiyo ile ile inayoua watu kwenye pombe haramu, inayogeuka mwilini kuwa asidi, ikiwapofusha kabla ya kuwamaliza. Novemba 2000, katika vitongoji vya Nairobi, iliua zaidi ya watu 100 kwa pombe iliyoitwa kumi kumi. Mei 2014 iliua makumi ya watu tena, katika kaunti kadhaa kwa mpigo. Aliyekunywa pombe ya namna hiyo akatiwa dawa kabla ya sampuli kuchukuliwa, Mkemia wa Serikali atakuta methanoli, na hakuna atakayeweza kuapa kwamba ilitoka kwenye glasi wala kwenye pampu ya mochari. Sumu nyingine fomalini huzivunja kabisa. Mochari moja niliyoitwa kutoa ushahidi juu yake ilikuwa ikimtia dawa kila anayepokelewa, usiku ule ule, bila kuuliza, hata waliokuja na barua ya polisi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukifiwa na ukawa na shaka hata chembe, mwambie mhudumu wa mochari kabla hajamgusa: asitiwe dawa, awekwe kwenye jokofu tu. Jokofu haliharibu ushahidi. Nami nitachukua damu kutoka mshipa wa paja, si kutoka moyoni, maana baada ya kifo madawa huvuja kutoka tumboni na kwenye ini yakaijaza damu ya moyo, ukadhani mtu alimeza mara tatu ya alichomeza. Nitachukua maji ya jicho, mkojo, kipande cha ini, vilivyomo tumboni. Kila chupa ina lakiri na saini. Majibu hukawia, wakati mwingine miezi, na hadi yatoke, fomu yangu husema: sababu inasubiri matokeo ya maabara. Jamaa hukasirika. Afadhali wakasirike.

Hapa Mombasa kuna upande wa pili wa jambo hili, nao ni haraka. Mzee husimama mlangoni, kanzu yake imelowa jasho, ananiambia, "Mwanangu, sisi maiti wetu hatumpasui. Tupe kibali tumzike kabla ya alasiri." Simbishii uchungu wake. Mimi ni Mwislamu, wazazi wangu nimewazika siku ile ile waliyofariki, na najua maiti anavyomwelemea mtu asipositiriwa. Namkalisha, namwagizia maji, namweleza. Heshima ya maiti ni kama ya aliye hai, na mtu aliyedhulumiwa uhai wake ana haki ambayo kaburi litaifunga. Maulamaa wengi wameruhusu uchunguzi panapokuwa na dharura ya namna hiyo, na imamu wetu huja kuyasema mwenyewe pale inapobidi. Kisha natimiza upande wangu. Tunaanza kabla jua halijachomoza. Maiti mwanamke anahudumiwa na wanawake, nami sifunui zaidi ya ninapofanyia kazi. Hakuna kiungo kinachotoka bila sababu iliyoandikwa. Tunashona kwa mshono mzuri, tunamsafisha, ili wanaokuja kuosha wasikute cha kuwatisha. Mara nyingi adhuhuri anaswaliwa.

Palipo na njia nyepesi naitumia. Picha za eksirei huonyesha risasi na mifupa. Huko Siaya na Kisumu kuna mradi wa utafiti unaochukua vipande vidogo vya viungo vya watoto waliofariki kwa kutumia sindano tu, na umefichua maambukizi ambayo wodini hayakujulikana. Kwa ugonjwa njia hiyo inafaa sana. Kwa aliyepigwa haitoshi, kwa sababu sindano haitafuti jeraha.

Na kuna watu ambao hawatajwi popote katika mafunzo yetu, lakini nawaheshimu kama wenzangu: waosha maiti. Mwanamke mmoja mwenye umri, aliyeosha maiti wa mtaa wake tangu ujana, alimwagia maji bi harusi aliyeambiwa kafa kwa kifafa, akaona mstari nyuma ya shingo pale nywele zinapoanzia. Aliweka kopo chini. Hakupiga kelele, hakumwambia mtu kwamba kaona mauaji. Alimwita imamu, imamu akaita wazee, na maiti akafika kwangu kabla ya kukafiniwa. Nilichokikuta nilikisema mahakamani. Tangu hapo huwa naenda, ninapoalikwa, kukaa na waoshaji wa misikiti, tunazungumza juu ya alama gani ni za kawaida za mauti na zipi ni za kusimamisha maji. Wanauliza maswali mazuri kuliko wanafunzi wa chuo.

Shakahola ilitufundisha jambo jingine. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu ule wa Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini waliohimizwa kufunga hadi kufa, mingi ikiwa imeharibika, na uchunguzi ukafanyika Malindi chini ya mwanapatholojia mkuu wa serikali, Dkt. Johansen Oduor. Nchi ilikuwa na jibu tayari: njaa. Ni kweli wengi walikufa njaa. Hata mwili ulioharibika huionyesha: mafuta yametoweka chini ya ngozi na kuzunguka figo, misuli imekonda, matumbo matupu. Ila kama waliokuwa mezani wangeandika njaa kwenye fomu ya kila mmoja kwa kuwa ndiyo hadithi iliyokuwa redioni, wasingewaona walionyongwa, waliopigwa kichwani, na watoto waliozibwa pumzi. Ulipozuka uvumi kwamba viungo vya ndani vilikuwa vimetolewa, Dkt. Oduor aliyekuwa amevitazama alisema havikukosekana. Na wapo ambao mwili wao haukubakiza jibu, nao wakaandikwa hivyo.

Kuandika kwamba sababu haikubainika kunahitaji moyo. Jamaa wanaona umeshindwa, polisi wanaona umewaharibia, na mwanafunzi anaona aibu. Mimi nafundisha kwamba ni jibu kamili, likija baada ya kazi kamili. Aliyeokotwa majini, kwa mfano, hakuna kipimo kimoja kinachosema alizama. Kuna povu kooni, mapafu yaliyovimba, na kuna kuondoa kimoja kimoja kila kinachoweza kuwa kilimuua kabla hajaingia majini. Baada ya siku sita katika maji ya vuguvugu ya Kilindini, povu halipo tena na mapafu yameshalegea. Nikiandika kuzama kwa sababu tu alitolewa majini, na kumbe alitupwa, nimemfichia mtu siri. Ngozi iliyokunjamana vidoleni inaniambia alikaa majini, basi.

Kuna ombi moja ambalo hunijia kwa sauti ya chini, kwa kawaida kutoka kwa kaka mkubwa wa familia: daktari, usiandike kwamba alijiua. Wanahofia imamu au kasisi, wanahofia watoto kusemwa shuleni. Mpaka juzi kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai kwetu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho, cha 226, kinakwenda kinyume na Katiba. Nawajibu kwamba mimi naandika kunyongeka kwa kamba, au sumu ya wadudu, kwa sababu ndicho nilichokiona. Kuhusu nia yake, hakimu ndiye atakayeamua kwa ushahidi wote. Lakini kamba siwezi kuigeuza malaria. Dada yake aliyebaki hai, mwenye huzuni ile ile, anaihitaji kweli hiyo pengine kuliko mtu yeyote.

Wengi wa watu wa Pwani, hata hivyo, hawafii hospitali wala hawafiki mezani kwangu. Wanafia nyumbani, Ganze, Magarini, Kinango, na anayeandika kifo chao ni naibu wa chifu, kwenye fomu ya D2, ili kibali cha mazishi kitoke. Huandika aliloambiwa: homa, kifua, tumbo, uzee. Kilifi watafiti wamekuwa wakifuatilia vijiji vinavyozunguka hospitali ya kaunti tangu mwaka 2000, na nyumba ikifiwa, baada ya matanga hufika mtu aliyefunzwa kuuliza. Alianza kuumwa lini? Alikohoa, alivimba, alibadilika rangi ya macho? Majibu hayo husomwa kwa utaratibu maalumu, nayo hutoa sababu inayoelekea zaidi kuwa ya kweli. Mahakamani hayatoshi. Kwa kujua ni nini kinachowamaliza watu wa Ganze, yanafaa kuliko neno uzee.

Nimekaa na manaibu wa chifu kadhaa, chini ya mwembe na ofisini, kuwaeleza ile mistari minne. Wanaielewa upesi, maana wanakijua kijiji chao mlango kwa mlango. Nimewaomba wasiridhike na jina la ugonjwa wa mwisho; waulize marehemu aliumia lini, kama alikuwa mjamzito au amejifungua karibuni, alikuwa akimeza dawa gani na dawa hizo ziko wapi. Mmoja wao alinionyesha fomu aliyokuwa ameshaijaza: homa ya mapafu, mwanamume, miaka 46, mgema. Alikuwa amerudi kwa wafiwa kuuliza, na kwa kalamu ya rangi nyingine akaongeza chini yake kwamba alianguka mnazi, akavunjika kiuno, na alilala chini miezi miwili bila kufikishwa hospitali. Katika lokesheni yake kuna wagema wengi, na sasa swali la mnazi ndilo la kwanza analouliza.